Kusafisha Matumbo ya Mgonjwa Kabla ya Kupimwa

Mto ukijaa matope baada ya mvua, hata mtu mwenye macho mazuri hawezi kuona mawe yaliyo chini. Ndivyo ilivyo kwa matumbo ya mtu. Mganga anaweza kuwa na ujuzi mwingi na chombo kizuri cha kutazamia, lakini matumbo yakiwa na choo hataona kitu. Kwa hiyo kazi ya kupima matumbo haianzi katika chumba cha mganga. Inaanza kitandani pa mgonjwa, siku moja mbele, na wenye kuifanya ni mgonjwa mwenyewe, mwuguzi, na ndugu anayemlinda mgonjwa.

Somo hili ni kwa hao watatu.

1. Kipimo hiki ni nini?

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya matumbo. Kwa mtu mzima urefu wake ni karibu mita 1 na nusu. Unaanza chini ya tumbo upande wa kuume, unapanda juu, unavuka kwenda kushoto, kisha unashuka mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kunyonya maji na kuweka choo mpaka wakati wa kukitoa.

Kipimo chenyewe kinaitwa kolonoskopi. Mganga anatumia mpira mrefu unaopindika, mnene kama kidole, wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha yake. Anauingiza polepole kwa njia ya haja kubwa, na picha za ndani zinaonekana katika kioo kama cha televisheni. Hivyo anaweza kuona vidonda, mahali panapotoka damu, uvimbe, na vinyama vidogo vinavyoota ndani ya utumbo. Vingi vya vinyama hivyo havina hatari, lakini vingine, miaka mingi ikipita, vinageuka kuwa kansa. Mwaka 1969, katika mji wa New York, waganga William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata vinyama hivyo kwa kitanzi cha waya kilichopita ndani ya mpira huo, bila kupasua tumbo. Tangu hapo watu wengi wameokolewa kabla kansa haijaanza.

Basi fikirini. Kinyama kidogo kama punje ya haragi kinaweza kufichwa na choo kidogo tu. Mganga atasema hakuona kitu, mgonjwa atarudi nyumbani akifurahi, na ugonjwa utaendelea kukua ndani yake. Au kipimo kitaachwa katikati. Mgonjwa atafunga tena, atakunywa dawa tena, na jamaa yake watalipa siku nyingine za kulala hospitalini. Haya yote yanatokea kwa sababu ya matumbo machafu.

2. Kwa nini ni vigumu zaidi kwa mgonjwa aliyelazwa?

Mtu anayetoka nyumbani kwake anatembea, naye matumbo yake yanatembea pamoja naye. Lakini aliyelazwa hospitalini hukaa kitandani mchana kutwa, na matumbo yake yanakuwa mavivu. Tena dawa kali za maumivu, kama morfini, kodeini na tramadoli, zinafunga choo. Ugonjwa wa sukari na uzee pia vinaweza kupunguza nguvu za matumbo. Wengine walikuwa na choo kigumu kwa siku nyingi kabla ya kuja, wala hawakumwambia mtu kwa sababu ya haya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Kuna sababu nyingine zinazotoka kwetu sisi wenyewe. Wauguzi wa mchana hawawapashi habari wauguzi wa usiku. Ndugu analeta chakula kwa huruma, maana anaona mgonjwa ana njaa. Choo kiko mbali na kuna giza, kwa hiyo mgonjwa anaogopa kunywa. Mambo haya yote yanaweza kutengenezwa tukitaka.

3. Ulizeni kwanza

Dawa ya kusafisha matumbo si ya kila mtu. Kabla ya kumpa mgonjwa kikombe cha kwanza, mwuguzi aulize:

Je, tumbo limevimba na kuwa gumu? Je, mgonjwa anatapika, wala hapitishi choo wala upepo? Pengine matumbo yamefungana. Mtu wa namna hii asipewe dawa hata kidogo mpaka mganga amtazame, maana matumbo yanaweza kupasuka.

Je, anakohoa au kupaliwa anapokunywa maji? Je, akili yake imelegea? Maji yanaweza kuingia katika mapafu na kumwua.

Je, ana ugonjwa wa figo au wa moyo? Mganga lazima achague dawa inayomfaa. Kwa mfano, zipo dawa zenye fosfeti ya sodiamu, zilizopendwa kwa sababu mtu anakunywa kidogo tu. Lakini ziliharibu figo za watu kadhaa, na mwaka 2008 serikali ya Marekani ilitoa onyo kali juu yake.

Je, anameza dawa gani nyingine? Vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma viachwe karibu juma moja mbele, maana vinafanya choo kuwa cheusi chenye kunata. Mwenye ugonjwa wa sukari asimeze dawa zake kama siku zote huku hali chakula, maana sukari inaweza kushuka sana. Mganga atampangia kipimo kingine. Naye anayetumia dawa za kuzuia damu isigande asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Aulize.

4. Chakula cha siku ya mbele

Siku moja kabla ya kipimo mgonjwa ale chakula chepesi kisichoacha makapi. Anaweza kula wali mweupe, mkate mweupe, yai, au samaki asiye na ngozi. Asile sombe na mboga nyingine za majani, wala maharagi, mahindi, karanga, wala matunda yenye mbegu kama mapera na marakuja. Mbegu hizo zinaziba mpira wa mganga. Kwa mtu mwenye choo kigumu, waganga wengi wanataka chakula hiki chepesi kianze siku mbili au tatu mbele.

Akianza kunywa dawa asile tena. Anywe vitu vya maji vinavyoonekana mpaka chini ya kikombe: maji, chai isiyo na maziwa, mchuzi uliochujwa vizuri. Asinywe kitu chekundu, maana ndani ya utumbo kitafanana na damu.

Ninyi jamaa, msimpe chakula kwa siri. Kijiko kimoja cha sombe kinaweza kuharibu kazi ya usiku mzima. Afadhali mwuguzi aandike kwenye karatasi, ASILE, na kuifunga kitandani ili kila mtu aione.

5. Dawa na namna ya kuinywa

Zamani wagonjwa walifungishwa siku nyingi, wakapewa mafuta ya nyonyo, tena wakatiwa maji kwa njia ya haja kubwa mara nyingi. Walichoka sana. Mwaka 1980, huko Dallas katika Marekani, John Fordtran na wenzake walieleza dawa mpya. Ni unga unaoitwa makrogoli, uliochanganywa na chumvi za namna kadhaa kwa kipimo sawasawa. Unga huo hauingii katika damu, bali unayashika maji ndani ya matumbo, nayo yanapita kama mto na kusukuma choo nje. Chumvi zake zimepimwa ili mwili usipoteze maji mengi wala usiyapokee kupita kiasi. Kwa hiyo msiongeze maji wala kuyapunguza, wala msitie sukari. Tumieni maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mara nyingi kipimo chake ni lita 4. Msimpe mgonjwa zote jioni moja. Imejulikana kwamba kugawanya mara mbili kunasafisha vizuri zaidi, maana matumbo yaliyosafishwa jioni yanachafuka tena usiku kwa maji mazito yanayoshuka kutoka juu. Tazameni mfano wa mgonjwa atakayepimwa saa nne asubuhi:

Jioni, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili: lita 2, yaani vikombe 8 vya robo lita, kimoja kila dakika 15.

Alfajiri, kuanzia saa kumi na moja mpaka saa moja: lita 2 nyingine, kwa namna ileile.

Baada ya hapo asinywe kitu, hata maji. Lazima zipite saa 2 angalau kabla ya kipimo. Mgonjwa anaweza kupewa dawa ya usingizi, na tumbo likiwa na maji anaweza kutapika na kupaliwa.

Ladha yake ni ya chumvi, wala haipendezi. Maji yakiwa baridi inanyweka kwa urahisi. Mgonjwa akisikia kichefuchefu apumzike nusu saa, kisha aendelee polepole. Mwenye nguvu atembee kidogo katika chumba, maana kutembea kunaamsha matumbo.

Msitumie dawa nyingine kwa kubahatisha. Msimtie mgonjwa pilipili wala dawa za kienyeji kwa njia ya haja kubwa, maana zinachoma utumbo na kufanya vidonda, na mganga atadanganyika. Tena wauguzi wasimnyweshe manitoli kwa sababu iko katika sanduku la dawa. Vijidudu vya utumbo vinaigeuza kuwa hewa inayoshika moto, na mganga akikata kinyama kwa waya wa umeme, hewa hiyo inaweza kulipuka. Watu wamekufa kwa jambo hilo.

6. Chupa tupu si shahidi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Asubuhi mwuguzi anapita na kuuliza, “Baba, umemaliza dawa?” Mgonjwa anajibu, “Ndiyo, munganga, imekwisha.” Kweli chupa ni tupu. Mwuguzi anaandika, “Tayari,” na mgonjwa anapelekwa. Lakini pengine nusu ya dawa ilimwagwa nje ya dirisha, kwa sababu ilimshinda naye aliona haya kusema. Au aliinywa yote, lakini choo cha siku nyingi hakijatoka.

Shahidi wa kweli ni choo chenyewe. Kwanza kinatoka kigumu, halafu kama matope, halafu kama maji machafu yenye vipande. Mwisho yanatoka maji ya manjano yanayoangaza, kama mkojo wa mtu mwenye afya, yasiyo na kipande chochote. Hapo ndipo mgonjwa yuko tayari. Basi, mwuguzi, usiulize juu ya chupa tu. Sema, “Baba, usione haya. Nionyeshe choo cha mwisho.” Utazame kwa macho yako mwenyewe, kwa taa nzuri.

Kama bado kuna vipande, mwambie mganga mapema, kabla mgonjwa hajapelekwa. Anaweza kuongeza dawa, au kuagiza atiwe maji kwa njia ya haja kubwa, au kuahirisha kipimo mpaka kesho yake. Kuahirisha kunaudhi, lakini ni bora kuliko kupima na kutoona.

Waganga nao wana namna ya kuhesabu usafi, iliyotolewa huko Boston mwaka 2009. Wanagawanya utumbo mpana sehemu 3, na kila sehemu inapewa alama kuanzia 0 mpaka 3. Utumbo safi kabisa unapata 9. Kila sehemu lazima ipate 2 au zaidi. Sehemu moja ikipata 0 au 1, kipimo hakitoshi, hata kama nyingine zote zinang'aa.

7. Usiku wa kazi

Mlaze mgonjwa kwenye kitanda kilicho karibu na choo. Awe na taa, sufuria ya kitandani, karatasi au kitambaa laini, maji na sabuni. Mpake mafuta sehemu ya nyuma ili ngozi isichubuke. Mzee au mtu dhaifu asiende chooni peke yake. Kizunguzungu kinamshika, anaanguka, naye aliyekuja kwa ajili ya tumbo anavunjika nyonga. Ndugu anayemlinda asilale usingizi mzito usiku huo.

Mwuguzi wa jioni amwambie mwuguzi wa usiku, kwa mdomo na kwa maandishi: vikombe vingapi vimenywewa, choo kinafananaje, nini kimebaki.

Simamisheni dawa na kumwita mganga mara moja kama mgonjwa anatapika mara kwa mara, kama tumbo linavimba na kuuma sana, kama anazimia au kuchanganyikiwa, au kama damu nyingi inatoka.

Maswali

1. Kwa nini matumbo ya mgonjwa aliyelazwa ni vigumu kusafishwa?
2. Ni mgonjwa gani asiyepaswa kupewa dawa kabla mganga hajamtazama?
3. Kwa nini tunagawanya dawa mara mbili?
4. Jamaa wa mgonjwa wanaweza kuharibu kazi hii kwa njia gani? Wanaweza kuisaidia kwa njia gani?
5. Mwuguzi atajuaje kwamba mgonjwa yuko tayari kweli?