Kula kwa Raha na Tumbo Linalosumbua: Utangulizi wa Lishe ya FODMAP Pwani ya Kusini

Kama tumbo lako hujaa gesi baada ya mlo, hukusokota, hufunga choo siku kadhaa kisha likakuharisha, na vipimo vya hospitali havionyeshi kitu, somo hili ni lako. Ni lako pia ikiwa unampikia mtu wa namna hiyo, au una hoteli ndogo kando ya barabara pale Tiwi, pwani ya kusini ya Kenya, na mteja amekuomba samaki asiyetiwa kitunguu ukashindwa kumwelewa. Huhitaji kujua kemia. Inatosha uwe unapenda kula, maana lishe nitakayoieleza hapa shabaha yake ni kumrudisha mtu mezani pamoja na wenzake.

Tuanze na utumbo wenyewe. Chakula humeng'enywa katika utumbo mwembamba. Humo vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazokata chakula vipande vipande, hukigeuza kuwa chembe ndogo ambazo ukuta wa utumbo unaweza kuzifyonza. Ziko sukari ambazo vimeng'enya vyetu havizikati kabisa, au huzikata kwa shida, na nyingine ambazo ukuta wa utumbo huzifyonza kwa shida. Zote hizo husonga mbele bila kufyonzwa vizuri, na njiani huvuta maji yaingie utumboni. Zikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huzichachua na kutoa gesi. Mpaka hapo hakuna ugonjwa, kwani ndivyo inavyokuwa kwa kila aliyekula sahani ya maharagwe. Tofauti huja kwa mwenye utumbo mwepesi wa kuhisi: maji na gesi ambazo mwenzake hazijali, kwake huutanua utumbo na neva zikapeleka habari ya maumivu. Hali hiyo ya tumbo kuuma na choo kubadilika mara kwa mara, bila kidonda wala uvimbe kuonekana, madaktari huiita IBS.

FODMAP ni jina la jumla la sukari hizo, lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza. F ni sifa ya kuchachuka. O ni minyororo mifupi ya sukari, na humo zimo mbili utakazokutana nazo kila siku: fruktani, iliyomo katika ngano, kitunguu maji na kitunguu thomu, na galaktani, iliyomo katika mbaazi, kunde, pojo na maharagwe. D ni sukari mbili zilizoungana, na inayotuhusu ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo watu wazima wengi wa Afrika hupungukiwa na kimeng'enya chake. M ni sukari moja moja, hasa fruktosi ya matunda na asali. A ni kiunganishi tu, "na". P ni polioli, sukari zenye umbo la kileo lakini zisizolevya, kama sobitoli na manitoli. Zimo katika koliflawa, uyoga na chingamu zisizotiwa sukari ya kawaida.

Kwenye fruktosi ndipo wasomaji wengi hukwama. Chungwa lina fruktosi, embe lina fruktosi. Mbona moja linaruhusiwa na jingine linatiliwa shaka? Jibu ni kwamba fruktosi hufyonzwa vizuri ikiandamana na glukosi, sukari nyingine ya matunda, kwa kiasi kinacholingana. Katika chungwa zinakaribiana. Katika embe fruktosi imezidi, na ile ziada ndiyo inayobaki utumboni. Kwa hiyo utamu haukuambii kitu. Papai na nanasi ni tamu na kwa kawaida hazisumbui, ilhali tikiti maji, ambalo ni maji matupu kwa macho, husumbua sana.

Jina hili lilitolewa mwaka 2005 na watafiti wa Australia, daktari Peter Gibson na mtaalamu wa lishe Sue Shepherd, wa Chuo Kikuu cha Monash mjini Melbourne. Mwaka 2014 kikundi cha Monash kilichapisha jaribio lililowahusu wagonjwa 30 wa IBS: kila mmoja alikula siku 21 chakula chenye FODMAP kidogo na siku 21 chakula cha kawaida cha Waaustralia. Walipokula kile cha kwanza, maumivu na gesi vilipungua waziwazi. Idadi ni ndogo, lakini wagonjwa wale wale walilinganishwa na nafsi zao wenyewe, na hilo ndilo lililolipa jaribio uzito.

Kabla hujabadilisha hata kijiko kimoja, pita kwa daktari. Pwani yetu ina amiba, jiadia na homa ya matumbo, na hakuna lishe inayoyatibu hayo. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, au dalili zinazoanza ghafla baada ya umri wa miaka 50, zote ni za hospitali kwanza, iwe zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Omba pia upimwe ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga ya mwili huushambulia utumbo kwa sababu ya protini ya ngano; kipimo chake hakisemi kweli ikiwa umeshaacha ngano.

Sasa tuingie jikoni, na hapa nina furaha kubwa ya kukupa habari njema. Vitabu vingi vya lishe hii viliandikwa kwa watu wanaoishi kwa mkate na tambi, nao huhangaika kweli. Mla chakula wa Tiwi, Diani au Msambweni anaanza akiwa mbele. Wali hauna neno. Sima ya mahindi haina neno. Changu, tafi, nguru, kamba na pweza hawana sukari hizi kwa kiasi cha kuhesabiwa, wala mayai na kuku. Mchicha, biringani na bamia kwa kiasi, nyanya, tangawizi, bizari, iliki, mdalasini, ndimu: vyote viko upande wako. Karanga zinafaa, ila korosho, ambazo kaunti ya Kwale inazilima kwa fahari, zina fruktani na galaktani nyingi. Tui la nazi ni suala la kipimo: lile la kopo lililopimwa maabara linavumilika kwa kiasi cha robo kikombe hivi, basi anza na kiasi hicho hata ukikuna mwenyewe.

Kipimo ndicho msingi wa somo lote. Hali hii si mzio, ambapo chembe moja huleta balaa. Sukari hizi hujumlika kuanzia asubuhi hadi usiku. Mahamri mawili kwa mbaazi za nazi na kikombe cha chai ya maziwa ni fruktani, galaktani na laktosi katika kikao kimoja, kabla jua halijapanda. Badilisha kifungua kinywa hicho kwa vitumbua, vinavyotokana na mchele uliorowekwa na kusagwa, ukanywe chai ya rangi, na umeondoa mzigo mkubwa bila kuihama meza ya Kiswahili. Muulize tu muuzaji kama amechanganya unga wa ngano; wako wanaofanya hivyo.

Anayesumbua kuliko wote ni kitunguu, kwa kuwa yumo katika kila sufuria. Hapa naomba usome polepole. Fruktani huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Ukikaanga punje za thomu katika mafuta matupu mpaka zikapata rangi, kisha ukaziopoa zote kabla ya kutia nyanya au maji, harufu na ladha hubaki kwenye mafuta na fruktani hutoka pamoja na punje. Ukichelewa, nyanya zikaingia na kutoa maji, fruktani imeshahamia kwenye mchuzi, na kuopoa vitunguu sahanini hakusaidii. Kanuni hiyo moja ikikukaa, utaweza kukisoma chakula chochote: palipo na maji, sukari imesambaa, palipo na mafuta peke yake, imebaki ilipo. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani, unaweza kuyakatia kwenye mboga bila wasiwasi.

Kwa kanuni hiyo hiyo, twende tukale nje. Jioni Ukunda, pweza aliyepondwa juu ya jiwe na kuchemshwa hukatwa vipande mbele yako. Chukua vipande vyake kwa chumvi, ndimu na pilipili, uiache supu, ambayo thomu imechemkia humo. Pilipili kidogo haina FODMAP ya kusumbua, ingawa ukali wake peke yake huwaudhi baadhi ya watu. Muhogo wa kukaanga au chipsi zinafaa, lakini viazi karai na bhajia hufunikwa kwa unga wa ngano au wa dengu. Hotelini agiza samaki kabla hajatiwa viungo, useme, "Mpake chumvi, ndimu na tangawizi tu, usimtie thomu wala kitunguu." Samaki wa kupaka na mishkaki huwa vimelala kwenye thomu tangu asubuhi, hivyo ombi la kuondoa limechelewa. Kachumbari iletwe kando.

Harusini ndiko watu huogopa zaidi, kwa kuwa sinia ni la wote. Ikiwa umepewa nafasi ya kuchagua, biriani ni rahisi kuliko pilau. Pilau hupikwa mchele pamoja na maji ya vitunguu vyake, hivyo kila punje imenywa. Wali wa biriani huivishwa peke yake na masala yake hupikwa chungu kingine. Kula wali na kipande cha nyama, mchuzi mwachie jirani, na vitunguu vya kukaanga vya juu visogeze pembeni. Hakuna atakayegundua.

Kosa la kawaida ni kuishi hivi maisha yote. Kipindi cha kupunguza ni wiki mbili hadi sita. Kikipita bila nafuu, lishe hii si jibu lako. Rudi kwenye chakula chako na kwa daktari. Nafuu ikija, unaanza kurudisha, kwani sukari hizi ndizo chakula cha bakteria wema wa utumbo, na kuwanyima muda mrefu kuna hasara. Mjamzito, mtoto, au mtu aliyekwishakonda asifanye hata hatua ya kwanza bila mtaalamu wa lishe.

Kurudisha hufanywa kwa kundi moja moja, huku chakula kingine kikibaki kama kilivyo. Kwa laktosi jaribu maziwa: nusu kikombe siku ya kwanza, kikombe kizima ya pili, zaidi kidogo ya tatu, kisha pumzika mpaka tumbo litulie. Kwa galaktani tumia mbaazi zilizolala kwenye maji usiku kucha, ukamwaga maji hayo na yale ya kuchemshia, kwa sababu sehemu ya galaktani hutoka nayo. Anza na vijiko viwili. Thomu na kitunguu vipime siku tofauti, na ngano mbali navyo, ingawa vyote vina fruktani, kwani wapo wanaovumilia chapati wasivumilie kitunguu. Andika tarehe, kiasi na ulivyojisikia. Wengi hugundua kwamba ni kundi moja au mawili tu yanayowasumbua, na kwamba hata hayo wanayaweza kwa kiasi chao.