Fahamu Namna Vihisi vya Barabarani Vinavyohesabu Magari

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Dodoma inapita Buigiri, wilayani Chamwino, ikibeba mabasi, magari madogo na malori yenye shehena za Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kabla ya kupanga unene wa lami au mahali pa kivuko, wahandisi huhitaji kujua ni magari mangapi hupita, ya aina gani na kwa mwendo upi. Jukumu la kusimamia barabara kuu na za mikoa ni la Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS).

Njia rahisi ya kuhesabu ni mpira wenye hewa unaolazwa kukatiza barabara. Kila tairi zinapoukanyaga, hewa husukumwa hadi kwenye kifaa kilicho pembeni. Mpira huo hata hivyo huhesabu ekseli, si magari: lori la ekseli sita likihesabiwa kwa ekseli mbilimbili, huonekana kuwa magari matatu.

Njia nyingine ni nyaya zilizozungushwa na kufukiwa ndani ya lami, zikipitishiwa umeme mdogo. Chuma cha gari hubadilisha nguvu ya sumaku ya nyaya hizo, na kifaa husajili gari moja. Vihisi viwili hupima pia mwendo. Gari likikata mita 4 kutoka kihisi kimoja hadi kingine kwa sekunde 0.2, linakwenda kilomita 72 kwa saa, ilhali kikomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50.

Vipo pia vihisi vinavyopima uzito gari likiwa katika mwendo. Umuhimu wake ni mkubwa, kwani majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionesha kuwa uharibifu huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 12 huumiza barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10.

Pamoja na hayo, vihisi vina mipaka. Pikipiki huweza kuponyoka bila kuhesabiwa, na mtembea kwa miguu haonekani kabisa katika takwimu za nyaya hizo. Kwa Buigiri, yenye shule ya msingi ya wanafunzi wasioona, pengo hilo si dogo: hesabu ya magari pekee haioneshi ni nani anayehitaji kuvuka. Ndiyo maana makarani wa kuhesabu kwa macho bado wanahitajika sambamba na mitambo.

Wananchi wanaoona mpira au nyaya barabarani hawapaswi kuzikata wala kuzihamisha. Siku moja ya hesabu pungufu inaweza kulifanya eneo lao lionekane halina msongamano, na kivuko wanachokihitaji kikapangiwa kwingine.