Pini Nzito na Subira ya Mchezaji

Wazazi wenzetu, tuwapelekapo watoto kucheza bolingi wakati wa likizo, macho yetu hulifuata tufe tukazisahau pini. Ilhali ugumu wa mchezo umo katika pini hizo. Husimamishwa kumi kwa umbo la pembetatu, kila moja ina urefu wa sentimita 38 na uzito upitao kidogo kilo 1.5. Tufe zito kabisa linaloruhusiwa halifiki kilo 7.3.

Katika mpigo ulio bora, tufe hugusa pini nne tu; sita zilizosalia huangushwa na pini nyingine. Basi pini zikizidi uzito, hulikengeusha tufe, nazo zenyewe haziruki mbali zikaangusha jirani zake. Hapo nguvu haitoshi, hutakiwa shabaha.

Kwa hiyo, binti wa miaka minane anayerusha tufe la kilo tatu akabakisha pini, asikemewe wala asilinganishwe na kaka yake. Amekabili pini zile zile za watu wazima. Tusimtwishe tufe zito kwa kuona haya mbele za watu, likamuumiza kifundo na bega. Tumfunze kulenga ubavuni mwa pini ya mbele, si katikati yake. Na tujihadhari na dau, kwani kamari huigeuza burudani ikawa haramu.

Pini zikisalia, tumkumbushe kwa upole kwamba kila zamu ina mipigo miwili.