Joto la bahari, mvua za Karatu na funzo la Nabii Yusuf (A.S.)

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, mkulima wa Karatu anapotaka kujua hali ya mvua huinua macho kuelekea msitu wa Ngorongoro. Ukungu ukitanda juu ya miti ya ukingo wa kreta, hupata matumaini. Anga ikikauka, huingiwa na hofu juu ya mahindi, ngano na mbaazi zake. Ni nadra kwake kuifikiria bahari, ambayo iko zaidi ya kilomita 400 kutoka shambani kwake. Hata hivyo, safari ya mvua ile huanzia huko. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 48, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ni Yeye anayezituma pepo zikayatimua mawingu, kisha akayatandaza mbinguni apendavyo. Wenye akili wanatakiwa kuizingatia ishara hiyo.

Ghala la joto

Bahari ni ghala la joto. Tabaka la juu la maji yake, lenye kina cha mita tatu tu hivi, lina uwezo wa kubeba joto linalolingana na la hewa yote iliyoizunguka dunia. Jua linapoyapiga maji hayo, sehemu yake hugeuka mvuke na kupanda angani, na mvuke huo hauondoki mikono mitupu. Kila lita ya maji inayogeuka mvuke huchukua nishati inayozidi mara tano ile inayotosha kuichemsha lita hiyo kutoka ubaridi wa barafu.

Akina mama wanalijua hilo jikoni. Mvuke wa sufuria huunguza mkono vibaya kwa sababu unapogusa ngozi na kurudi kuwa maji, hulitoa lile joto ulilolificha. Ndivyo inavyokuwa mawinguni. Upepo wenye unyevu unapogonga milima ya Ngorongoro hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Joto lililofichika hufunguka, huipasha hewa, nayo huzidi kupanda na kuvuta hewa nyingine yenye unyevu. Kwa hiyo, pale bahari ilipo na joto zaidi, hewa hupanda na mvua hunyesha. Kwingineko hewa hushuka ikiwa kavu, na mawingu hukosekana.

Mizani ya bahari mbili

Joto hilo halikai mahali pamoja. Katika Bahari ya Pasifiki, pepo zinazovuma kutoka mashariki hudhoofika kila baada ya miaka miwili hadi saba hivi, na maji ya moto yaliyorundikana upande wa Asia hutawanyika kuelekea Amerika. Wavuvi wa Peru waliiita hali hiyo El Nino, yaani mtoto, wakimkusudia Nabii Isa (A.S.) alipokuwa mchanga, kwa kuwa huonekana karibu na sikukuu ya Krismasi. Hapo ghala hufunguliwa, na hewa ya dunia nzima hupata joto. Hali iliyo kinyume chake huitwa La Nina.

Bahari yetu ya Hindi nayo ina mizani yake, ambayo wanasayansi Saji na Yamagata na wenzao waliieleza mwaka 1999. Upande wa Afrika Mashariki ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua zetu za vuli huwa nyingi. Mizani ikielemea Indonesia, sisi hubaki na ukame.

Ngorongoro imeionja mizani hiyo pande zote mbili. Mwaka 1961 maji ya upande wetu yalipata joto, mvua kubwa zikanyesha na Ziwa Victoria likafurika. Mwaka uliofuata, ndani ya kreta, nzi wang'atao walizaliana kwa wingi hata wakawaangamiza simba wengi. Mwaka 1997 El Nino na joto la Bahari ya Hindi vilikutana, na madhara yake bado yanasimuliwa. Kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 La Nina ilidumu, na wafugaji wa Ngorongoro, Longido na Simanjiro wakashuhudia ng'ombe wao wakianguka kwa kukosa malisho. Kisha El Nino ikarejea. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua makumi ya watu huko Katesh. Aidha, gesi za viwanda na magari zimezidisha joto la dunia, na zaidi ya asilimia 90 ya ziada hiyo imeingia baharini. Ghala linazidi kujaa.

Onyo lililotangulia

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 2006. Kabla ya mvua za vuli kukolea, wataalamu waliokuwa wakipima joto la bahari kwa kutumia setilaiti, akiwemo Assaf Anyamba wa taasisi ya Marekani ya NASA, walionya kuwa Homa ya Bonde la Ufa ingeweza kuzuka Afrika Mashariki. Mayai ya mbu wanaoibeba hukaa ardhini miaka mingi, na huanguliwa mabonde yanapojaa maji.

Mvua zilikuja. Januari 2007, wiki chache baada ya Idul Adh-ha, ugonjwa uligundulika Ngorongoro, kisha ukaenea hadi Manyara, Dodoma na Morogoro. Zaidi ya watu 100 nchini walifariki dunia. Wengi wa waliougua walikuwa wameshika damu ya mifugo wagonjwa, au walikula nyama na kunywa maziwa yake bila kuyachemsha.

Je, utabiri ni kudai elimu ya ghaibu?

Wapo ndugu wanaosema kuwa elimu ya mvua ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, hivyo kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa ni udhaifu wa imani. Ni kweli kuwa ghaibu anaijua Yeye tu. Lakini anayepima joto la bahari hadai ghaibu. Anasoma ishara alizoziweka Muumba, kama mkulima anavyousoma ukungu wa Ngorongoro. Yeye hukisia, na huweza kukosea.

Tumtazame Nabii Yusuf (A.S.). Alipofahamishwa kwa njia ya ndoto kuwa miaka saba ya neema ingefuatwa na saba ya shida, hakukaa akingoja. Aliagiza nafaka ihifadhiwe ikiwa katika mashuke yake, ila kidogo cha kuliwa. Kuweka akiba hakukupunguza tawakkul yake. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alimuelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mola wake.

Kwa hiyo, baba wa familia anaposikia kuwa vuli itazidi kiwango, na azibue mitaro, aihamishe familia kutoka bondeni, na amuulize bwana mifugo kuhusu chanjo mapema, kwani chanjo hufaa kabla ya ugonjwa kuingia zizini. Akisikia kuwa mvua zitapungua, asiuze gunia la mwisho la mahindi, na apunguze mifugo ingali na afya. Ikikaribia sikukuu ya kuchinja, akumbuke kuwa mnyama mwenye ugonjwa ulio dhahiri hafai kwa udh-hiya. Sharti hilo linailinda ibada yake, na linawalinda pia jirani na masikini atakaopelekewa nyama.

Baada ya hayo tuinue mikono. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliombwa siku ya Ijumaa aombe mvua, akaomba, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata aliombwa aombe isimame. Hakuomba ikatike kabisa, bali aliomba iwaepuke watu na iende vilimani, mabondeni na kwenye mizizi ya miti.

Nasi tumuombe Mola wetu atupe mvua yenye manufaa, atukinge na ile yenye madhara, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozizingatia ishara zake. Amin. Wabillahi tawfiq.