Madaraja ya wapendanao yanayoandamwa na kiberiti

WALE mliokuwa mnabanana kwenye mabanda ya video miaka ya 90 huenda mnaukumbuka mkanda mmoja wa mwaka 1995, The Bridges of Madison County. Hamna bastola wala mateke. Mama mmoja wa shamba, mke wa mtu, anatokewa na mpiga picha aliyepotea njia akitafuta daraja. Siku nne tu, halafu kila mtu na njia yake. Meryl Streep na Clint Eastwood walicheza mle, na kama mwenzangu hukutoa chozi, basi una roho ngumu.

Penzi lile lilitungwa na Robert James Waller katika kitabu chake cha mwaka 1992. Lakini madaraja, bwana, ni ya kweli. Yapo mpaka leo, ila kuna watu hawaishi kuyatamani kwa kiberiti.

Madison ni kaunti, tuseme kama wilaya, katika jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Ni mashamba ya mahindi na vilima. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta watu wasiofika hata 17,000. Makao makuu yake ni mji mdogo wa Winterset. Inasimuliwa kwamba waasisi walitaka kuuita Summerset, mji wa kiangazi, lakini siku ya kikao, katikati ya mwaka 1849, kulikuwa na baridi isiyo ya msimu, mmoja akapendekeza jina la masika ya baridi na likapita. Ndiyo hivyo, mji ukabatizwa kwa kutetemeka.

Zamani kaunti ilikuwa na madaraja 19 ya mbao, kila moja likiwa na kuta na paa kama nyumba. Usidhani paa lilikuwa la kuwafichia wapenzi. Mbao nene za sakafu zilikuwa ghali, na mvua na theluji zingeziozesha upesi. Kubadilisha paa na kuta kulikuwa rahisi kuliko kubadilisha sakafu, basi wakaezeka. Hesabu ya mkulima hiyo, si mahaba. Na jina lilikuwa la jirani aliyekaa karibu: Roseman, Imes, Holliwell, na wengineo.

Leo yamebaki sita. La zamani zaidi ni Imes, la mwaka 1870. Refu kuliko yote ni Holliwell, la mwaka 1880, mita 37 hivi. Roseman, la mwaka 1883, ndilo lile ambalo mpiga picha wa kwenye mkanda alikuwa akiliulizia. Wenyeji wanasema lina mauzauza: ati mwaka 1892 mtoro wa jela alizingirwa humo, makundi mawili ya wasakaji, moja kila upande, naye akapiga ukelele, akapaa kupitia paani, asionekane tena. Amini usiamini.

Sasa njoo kwenye moto. Mwaka 1983 daraja la McBride liliteketea. Habari inayosimuliwa ni kwamba aliyelichoma alikuwa kijana aliyeachwa na mpenzi wake. Walikuwa wamechonga herufi za majina yao kwenye ukuta, na yeye akaona dawa ya kuzifuta ni kuunguza daraja zima! Angalau sisi tukiachwa tunachana picha tu.

Cedar ndilo lililoteseka kuliko yote. Lilijengwa mwaka 1883, na mwezi Septemba 2002 likachomwa, likabaki majivu. Watu wa kaunti hawakukubali yaishe. Walilijenga upya kwa kufuata muundo ule ule, likafunguliwa mwaka 2004. Katikati ya hapo, mwaka 2003, nyumba ya shambani iliyotumika kwenye mkanda nayo ikachomwa. Halafu Aprili 2017, Cedar likawashwa tena! Safari hii vijana watatu walifikishwa mbele ya sheria. Wenyeji wakarudi kwenye michoro na misumari, na mwaka 2019 likafunguliwa kwa mara nyingine.

Wapo wanaouliza: daraja la mbao za juzi ni urithi gani? Mimi naona swali hilo ni la mtu asiyewahi kuona nyumba ya babu yake ikikarabatiwa. Mbao ni mpya, ndiyo, lakini fundi aliyezipanga amelazimika kujifunza kazi ya mafundi wa 1883.

Winterset ina mengine pia. John Wayne, yule jambazi mwema wa sinema za farasi, alizaliwa hapo tarehe 26 Mei 1907, kwa jina la Marion Morrison, na inasemekana alikuwa na kilo karibu 6. Pole zake mama! Nyumba yenyewe ni ya vyumba vinne, na jumba la makumbusho lake limefunguliwa mwaka 2015. Yale matofaa mekundu yanayong'aa ya Red Delicious nayo asili yake ni mti ulioota shambani kwa mkulima Jesse Hiatt, humo humo Madison.

Lakini anayenigusa zaidi ni George Washington Carver. Alizaliwa mtumwa huko Missouri, akakataliwa na chuo kimoja cha Kansas kwa sababu ya ngozi yake, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akajikuta Winterset akipika hotelini. Kanisani alisikika akiimba, akatambulishwa kwa mke na mume wa Kizungu, Milholland, nao wakamsukuma aombe nafasi Chuo cha Simpson, mji wa jirani. Aliingia mwaka 1890. Baadaye akawa mwanasayansi wa kilimo anayejulikana dunia nzima, yule wa karanga. Mkanda wa mapenzi haumtaji, na watalii wengi huenda wakapita bila kumwulizia.

Kila wikiendi ya pili ya Oktoba kuna tamasha la madaraja, lililoanza mwaka 1970, kabla Waller hajaandika neno. Wapenzi huenda kufungia ndoa humo. Na ukutani, ndani ya Roseman, wageni bado wanaandika majina yao wawili wawili.