Mume Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Mama anapopasuliwa ili mtoto azaliwe, mume wake akae wapi? Waganga wengi humwacha nje, wala si kwa ukali. Wanaogopa kwamba ataingiza vijidudu, au ataona damu na kuzimia, au atawazuia kazi katika chumba chembamba. Hofu hizo zina sababu; tusizicheke.

Lakini tufikiri tena. Mara nyingi mama huchomwa sindano ya mgongoni: kiuno na miguu hufa ganzi, naye yu macho, anasikia kila neno. Katika hospitali za Uingereza mume huvikwa nguo safi na kofia, akaketishwa karibu na kichwa cha mkewe, na pazia huwakinga wasilione jeraha. Mama akilazwa usingizi kabisa, kwa kawaida mume hungoja nje. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mama anayejifungua awe na mtu amchaguaye mwenyewe wa kukaa naye.

Basi, akina baba, tuulize mapema, na tuwatii wauguzi. Nao waganga, wakitufungia mlango, watuambie sababu. Kwani mume aliyenyimwa habari huwaza kifo tu.