Ukungu wa Nyeri, Buni Nyeusi na Popo Waliolala

Mwezi wa Julai, ukungu huteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya ukafunika mashamba ya Tetu, Othaya na Mathira asubuhi nzima. Kiswahili kimeupa ukungu huo jina moja na ule unaoota kwenye mkate uliokaa siku nyingi. Mkulima wa kahawa wa Nyeri anajua kwamba aina hizo mbili hufuatana: ukungu wa mlimani ukikawia shambani, ukungu wa pili hauchelewi kuingia kwenye buni.

Wakulima wengi huuita ugonjwa huo CBD. Kwa Kiswahili ni chulebuni. Buni changa ya kijani hutokea doa jeusi lililobonyea, doa likapanuka, kisha buni ikakauka mtini au ikaanguka. Uligunduliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya, upande wa magharibi, mwaka 1922, na baadaye ukavuka Bonde la Ufa hadi kwenye kahawa ya Mlima Kenya. Mwaka wa mvua nyingi, shamba ambalo halikupigwa dawa linaweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Chulebuni husababishwa na kuvu, na kuvu haina joto lake yenyewe. Huishi kwa joto la mahali ilipotua, na kila aina ina kiwango inachokipenda. Spora za chulebuni, yaani vijimbegu vyake visivyoonekana kwa macho, huota vizuri kwenye nyuzi karibu 22 za Selsiasi, mradi buni ibaki imelowa kwa saa kadhaa. Nyanda za juu huzipa yote mawili: ubaridi wa wastani, na umande ambao jua la Julai halina nguvu ya kuukausha mapema. Na hatari ni kubwa zaidi buni inapokuwa inanenepa, kati ya wiki ya nne na ya kumi na nne tangu mti utoe maua.

Kutu ya majani, ile inayoacha unga wa rangi ya chungwa chini ya jani, nayo hupendelea mashamba ya chini yenye joto zaidi. Baridi huichelewesha: spora ikishaingia kwenye jani, huchukua muda mrefu kabla ya kuzaa nyingine. Ndiyo maana wanachama wawili wa chama kimoja cha ushirika, mmoja juu karibu na msitu na mwingine chini bondeni, wanaweza kuhangaishwa na magonjwa tofauti msimu uleule.

Kanuni hii ya joto imeua popo kwa mamilioni huko Amerika Kaskazini. Mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, popo walionekana wakiwa na kitu cheupe puani kama unga. Ilikuwa kuvu inayostawi kwenye nyuzi 12 hadi 16 hivi na kushindwa kabisa kukua inapofika nyuzi 20. Popo aliye macho ana mwili wa moto, hivyo haimwezi. Lakini wadudu wanapotoweka wakati wa baridi kali, popo wa huko hulala kwa miezi. Mapigo ya moyo hupungua mno na mwili hupoa hadi kukaribia ubaridi wa pango. Hapo mlango huwa wazi. Kuvu humla ngozi ya mabawa, naye huamka mara kwa mara na kuchoma mafuta aliyojiwekea, hata akafa kwa njaa kabla ya msimu wa joto. Spishi tatu zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

La kusikitisha zaidi liligunduliwa na watafiti huko Michigan na Wisconsin: popo wengi waliendelea kuchagua sehemu zenye joto kidogo, ambako kuvu hukua haraka, ilhali waliolala penye baridi zaidi walikuwa na nafasi bora ya kuishi. Popo wa Nyeri hawana usingizi huo wa miezi. Ikweta inapita Nanyuki, na wadudu huruka mwaka mzima.

Binadamu naye hulindwa na joto lake. Kuvu nyingi haziwezi kukua kwenye nyuzi 37, na hiyo ni sababu mojawapo ya mashilingi kubaki juu ya ngozi, ambako kuna ubaridi kuliko ndani ya mwili.

Kahawa haina joto la kujikinga. Barafu ya Lewis juu ya Mlima Kenya imeyeyuka kwa kiasi kikubwa tangu miaka ya 1930, na kadiri miteremko inavyozidi kupata joto, mkulima wa juu asitegemee baridi pekee imzuilie kutu. Kinga ipo. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985, na Batian, iliyopewa jina la kilele cha mlima huu huu, mwaka 2010. Zote mbili huhimili chulebuni na kutu kuliko SL28 ya zamani. Mwenye SL28 na asingoje doa jeusi litokee: apogoe matawi ili upepo na jua vikaushe umande, aokote buni zilizougua, na apige dawa ya kopa kabla mvua haijakolea.